Kuni za Mama wa Padri

Mpaka leo, nikiwa bibi mwenye wajukuu na magoti mabovu, naweza kukuchorea kijiji kimoja cha Italia ambacho sijawahi kukikanyaga. Nipe kijiti tu na udongo mkavu. Hapa bonde linaishia. Hapa kuna milima miwili, mmoja kila upande, mirefu kiasi kwamba wakati wa baridi jua halifiki kijijini kwa majuma kadhaa. Watu wanaliona likipita juu kule, kama jirani aliyekasirika asiyetaka kuingia. Hapa maji yanatoka ndani ya mwamba wenyewe, kwa kishindo, na juu yake hakuna mto wowote. Hapa kanisa. Na huku juu, mwendo wa saa tatu kwa mtu asiye na mzigo, kuna mwanya kati ya vilele, na ng'ambo ya mwanya huo ni nchi nyingine.

Niliyajua haya nikiwa darasa la saba, miaka michache baada ya uhuru, katika shule ya misheni juu ya Kanyakine, upande wa msitu wa Mlima Kenya. Aliyetufundisha alikuwa padri wa Kiitaliano aliyezaliwa katika kijiji hicho. Alikuwa mzee wa miaka kama sitini, mwenye mikono ya fundi na kanzu iliyopauka magotini. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko chetu. Kwa hiyo historia na jiografia alitufundisha kwa Kiswahili, na kilipomshinda aliingia Kimeru, ambacho alikisema kama mtu aliyenyonya hapa hapa. Mwalimu mkuu hakupendezwa hata kidogo, maana mtihani ulikuwa kwa Kiingereza.

"Fatha, hawa watoto watafeli," alimwambia mbele yetu.

"Wafeli wakijua kitu," padri akajibu, akaendelea kuchora.

Hatukuwahi kuuliza kwa nini achore kijiji chake na si chetu. Tulidhani jiografia ni ya mahali pa mbali, na historia ni ya watu waliokufa zamani huko huko mbali. Yetu ilikuwa mashamba na mbuzi, nani angeyachora? Tulifurahi tu kusikia kwamba watu wa kijiji kile walikuwa na lugha moja ya nyumbani, nyingine ya sokoni na nyingine ya shule, na kwamba mtoto aliyeteleza akasema ya nyumbani darasani alichapwa. Tulicheka hadi tukapiga madawati. Kumbe na wao!

Zamani, alisema, mpaka ule haukuwa kitu. Watu wa pande zote mbili walipanda, wakakutana katikati, wakauziana jibini na ng'ombe, wakaoana. Walinzi wa huku na wa kule walicheza karata pamoja. Halafu ikaja vita kubwa ya wazungu, ile ya kwanza, na mwanya ukajaa bunduki. Wanaume walikuwa wamechukuliwa. Barabara ya kufika juu haikuwepo. Basi jeshi likawaita wanawake wa kijiji. Kila mmoja alivaa kikapu kirefu mgongoni, kikajazwa mabomu, au mikate, au chokaa, akapanda nacho mlima alfajiri. Akishashusha alirudi kukamua ng'ombe.

"Na mama yangu alikuwa mmoja wao," padri akasema.

Halafu mvulana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwanamke mzungu? Kubeba na mgongo?"

"Kwa mgongo."

"Fatha, wewe unatuchezea."

Si kwamba tulikuwa watovu wa adabu. Tulishtuka. Baba yangu alifanya kazi Timau, katika mashamba makubwa ya ngano, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na wanawake wazungu aliotusimulia walikuwa hawabebi hata mfuko wao wenyewe kutoka kwenye gari. Wa kubeba kwa mgongo walikuwa mama zetu. Kuni zilifungwa kwa mkanda wa ngozi, mkanda ukapita juu ya paji la uso, na mwanamke akainama mpaka akawa anaona vidole vyake vya miguu tu. Paji la mama yangu lilikuwa na mfereji. Ungeweza kulaza kidole ndani yake. Nilikuwa nimeanza kuuonea haya mfereji ule, na naona haya zaidi sasa kukiri.

Padri alituonyesha kwa kamba ya kengele jinsi mikanda ya kikapu ilivyopita mabegani. Alipoinama, nikaona kabisa kwamba hakuwa akituchezea. Mwili wake uliijua ile njia ya kuinama.

Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Wenzangu wakatoka mbio. Mimi nilipaswa kuwa wa kwanza kutoka, na nitaeleza kwa nini, lakini nilibaki nimesimama mlangoni kama niliyepigiliwa misumari.

"Fatha, na mama yako bado yuko?"

Akafuta ubao wote kwanza. Kisha akaniambia kwamba siku moja ya baridi mama yake alipanda na kikapu na hakushuka. Theluji iliporomoka kutoka juu ikamfunika yeye na wenzake wawili. Walimpata ilipoyeyuka, baada ya miezi, na askari wakamzika kule kule juu kwa haraka. Vita ilipokwisha, wakubwa wa nchi mbili wakaja na kamba na vigingi, wakapima mpaka, na kaburi likaangukia ng'ambo, hatua chache tu. Alipokuwa kijana hakuwahi kupewa karatasi ya kuvuka kwenda kuliona.

Sisi theluji tuliijua. Asubuhi zisizo na mawingu tuliiona juu ya Mlima Kenya, nyeupe, imetulia, na tuliambiwa ndipo Mungu alipokaa enzi za babu zetu. Kwamba inaweza kushuka na kuua mama wa mtu, hilo halikuwa limeniingia akilini hata siku moja. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole, nikigeuka kuutazama mlima uliokuwa umejificha.

Hapo ndipo nilipojiponza. Baba akiwa Timau, mama alibaki na shamba, ng'ombe mmoja na wadogo zangu wanne. Msaidizi wake nilikuwa mimi. Tulikuwa tumepatana, au tuseme yeye alipatana nami nikanyamaza: nisome, lakini saa kumi niwe nimefika, tupande msituni kutafuta kuni kabla ya giza. Nikichelewa mara tatu, shule imekwisha. Mara mbili zilikuwa zimekwenda. Na mama yangu hakuwa mtu wa kutisha bure. Dada yangu mkubwa alikuwa ametolewa darasa la pili kwa ahadi kama hiyo hiyo, akaolewa upande wa Embu, na barua zake aliandikiwa na mumewe.

Mama alikuwa amesimama uani na panga mkononi, mkanda wa ngozi begani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba.

"Hii ni ya ngapi?" akauliza. Nyumbani ilikuwa Kimeru tu.

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Mama wa Fatha amekufa."

Panga likateremka kidogo. "Lini?"

"Habari zimefika leo. Theluji imemwangukia. Alikuwa amebeba mzigo mlimani." Na kwa kuwa uongo ukianza unataka kula, nikauongezea: "Fatha alikuwa analia. Hatungeweza kumwacha peke yake."

Nilitarajia aseme pole yake, basi, yaishe. Lakini mama aliketi chini, pale pale kwenye vumbi, mtu ambaye sikuwahi kumwona ameketi kabla ya chakula cha jioni.

"Mzungu," akasema. "Alikuwa amebeba mgongoni?"

"Ndiyo."

"Mzigo wa nani?"

"Wa jeshi."

Akanitazama kwa muda mrefu hivi kwamba nikaanza kuhesabu makosa yangu mengine. Kisha akainuka, akanipa panga nimalize mimi kukata majani ya ng'ombe, akatoka kwenda kwa majirani. Nilimsikia akiita kutoka ua mmoja hadi mwingine. Hakurudi mpaka nilipokuwa nimewalaza wadogo zangu, na aliporudi aliingia kulala moja kwa moja. Nilijilaza nikijipongeza. Mjinga!

Kesho yake tulikuwa na padri saa nne. Alikuwa ameanza kutuchorea njia ya mlimani, mistari inayokatakata, na chaki inalia, mvulana wa dirishani aliposema, "Fatha, kuna mama mengi inakuja."

Sote tukasimama. Walikuwa wanapanda kutoka barabarani kwa mstari mmoja, wameinama, kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni. Sikuwahesabu, lakini wa kwanza alikuwa amefika kwenye mlingoti wa bendera na wa mwisho nilikuwa simwoni bado. Kati yao kulikuwa na wasichana wamebeba vibuyu vya uji wa wimbi, ule tunaouita ucuru. Hakuna aliyesema. Kwetu, unapopeleka kuni kwenye nyumba ya msiba, husalimii mtu mpaka mzigo umegusa chini, kwa sababu moto wa pale lazima uwake siku zote watu wanapokuja, na mwenye msiba hatakiwi kwenda kuutafutia. Kila mtoto darasani alijua maana ya mstari ule. Waliangaliana wakijiuliza nani amekufa.

Wa mbele kabisa alikuwa mama yangu.

Sijui kama umewahi kuona uongo wako ukija kwa miguu yake. Nilitaka kuruka dirishani, na ningeruka, ila upande ule ndiko walikokuwa wanatokea.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini na kiboko chake. "Mama, hapa ni shule, si soko! Hizo kuni mnauzia nani?" Wakampita. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa, na hata kama wangetaka, mkanda haukuruhusu. Alibaki amesimama mdomo wazi, na alikuwa mtu aliyeogopwa katika kata nzima.

Padri alitoka nje na chaki mkononi. Mizigo ikaanza kushuka miguuni pake, mmoja baada ya mwingine, kwa ule mlio wa kuni zinazogongana, mpaka lundo likamfika magotini. Kisha mama yangu akajinyoosha, akapangusa paji lake, akampa mkono.

"Fatha, pole sana. Tumesikia mama yetu amelala. Tumesikia amelala na mzigo mgongoni. Mtu kama huyo hatuwezi kumwacha alale bila moto."

Sasa padri akashtuka. Niliona uso wake ukipauka. Aliwatazama wale wanawake, akatazama kuni, halafu polepole akageuza kichwa akanitazama mimi, nikiwa nimejibana nyuma ya mlango. Alinitazama mara moja tu. Nilijua amenielewa mwanzo mpaka mwisho.

Angeweza kunyamaza, apokee pole, aniponye. Wakati ule niliomba kwa watakatifu wote waliokuwa ukutani mwa misheni kwamba afanye hivyo. Lakini alikuwa padri.

"Mama," akamwambia mama yangu kwa Kimeru, "mama yangu alikufa nikiwa mdogo kuliko wanafunzi hawa. Ni miaka mingi sana."

Wanawake walinong'ona. Mmoja aliyekuwa mjamzito, aliyebeba kama wengine, alisema kwa sauti, "Sasa tumetoka shambani kwa sababu ya maiti ya zamani?" Mama alikuwa ananitazama mimi. Na mimi nilikuwa naaga moyoni: kwaheri darasa, kwaheri kalamu, na barua zangu nitaandikiwa na mume nisiyemjua huko Embu.

Kisha mama akamgeukia padri tena.

"Siku ile alipokufa, nani aliwaletea kuni?"

Padri hakuelewa. Ilibidi mama arudie swali.

"Hakuna," padri akasema. "Hatukujua kwamba amekufa. Tulikuwa tunamngoja. Na theluji ilipoyeyuka, jeshi lilikuwa limetuhamisha, kijiji kizima. Hapakuwa na mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Mama yangu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Akawaambia wenzake, "Hakuna wa kurudi na mzigo wake. Mimineni uji."

Wakamimina ucuru kwenye kibuyu kidogo wakampa. Padri alijaribu kunywa akashindwa. Akaketi juu ya zile kuni, mzee yule, na kulia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, kama mtu aliyebeba kikapu miaka yote hiyo bila kukishusha. Hatukuwahi kuona mzungu mtu mzima akilia. Hatukujua kama inaruhusiwa. Mwalimu mkuu alificha kiboko nyuma ya mgongo wake, akatuambia kwa upole usio wa kawaida yake, "Ingieni ndani. Someni chochote." Yule mwanamke mjamzito alikuwa wa kwanza kwenda kuketi karibu na padri.

Nilifika nyumbani saa tisa na nusu siku hiyo, kabla ya wakati, kwa mara ya kwanza mwaka huo. Nilifunga madaftari yangu kwa kamba nikayaweka mezani, nimkabidhi mama mimi mwenyewe. Nilikuwa na hasira pia, siwezi kuficha. Hasira kwa padri kwa kusema kweli, na kwa mama kwa kuchukua neno dogo akalifanya mstari wa watu. Mtoto mwenye kosa haishiwi watu wa kulaumu.

Mama aliyaona madaftari. Hakuyagusa. "Chukua panga, twende."

Tulipanda, yeye mbele. Ukingoni mwa msitu kulikuwa na handaki refu lililozunguka huo msitu, pana kama barabara, lililoanza kujaa majani na miba. Tulilivuka kila mara tulipoenda kuni. Sisi watoto tulilipenda. Kulikuwa na mahali ambapo kuta zake zilikuwa zimelala, udongo mwekundu laini, na hapo tulitelezea kwa makalio, tukipanda na kuteleza tena mpaka sare zikabadilika rangi. Mama zetu walitugombeza juu ya sare tu. Hatukuuliza nani alilichimba.

Siku hiyo tulipolivuka, mama alisimama ng'ambo, juu ya hapo hapo.

"Nielezee kijiji cha Fatha," akasema.

Nilidhani ni mtego. Lakini nikaeleza: milima miwili, maji ya mwambani, mwanya, mpaka, vikapu, theluji. Sikuacha kitu. Nikamwambia hata kaburi liko upande gani.

"Umesoma vizuri," akasema. "Na nyanya yako, mama yangu mimi, amezikwa wapi?"

Nikamwambia kwamba alikufa kwa homa, kabla sijazaliwa. Ndivyo nilivyoambiwa tangu zamani. Mahali sikupajua, na nilipotafuta jibu nikagundua kwamba sikuwahi hata kufikiri kuuliza.

Mama akaniambia bila kupandisha sauti. Wakati wa hali ya hatari, Waingereza wakiwa bado wanatawala, walitolewa nyumbani wote, wanawake na wazee, wakapewa majembe, wachimbe handaki hili kuwatenga vijana waliokuwa msituni wakipigania uhuru. Walichimba kila siku, walinzi wakiwa juu yao na bunduki, na mzungu kijana akipita kupima kina kwa fimbo. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nyanya alikuwa chini, amebeba udongo mgongoni kwa mkanda, anapanda nao, ukuta ukaanguka. Mama alikuwa hatua nne kutoka kwake. Alianza kufukua kwa mikono, akapigwa na kitako cha bunduki, hapa, akanionyesha nyuma ya sikio. Wakaamriwa wasogee, waendelee kuchimba mbele.

"Hawakumtoa?"

"Hawakumtoa. Na jioni ilikuwa ni marufuku mtu kwenda nyumba ya mtu. Nilikaa peke yangu, moto ukazima, hakuna aliyeleta hata kijiti." Akaligeukia handaki. "Nilidhani wazungu wao hawafukiwi. Uliponiambia jana, nikaona kwamba nimekosea miaka yote hii."

Nilimuuliza ni wapi, na nilikuwa nimeshajua. Alielekeza kidole pale ukuta ulipolala, penye udongo laini, penye alama za makalio yetu za Jumamosi iliyopita.

Nililia hadi nikatapika. Mama aliniacha nimalize. Hakunibembeleza na hakunichapa. Alikata kuni zake, akazifunga, akainama nikamsaidia kuzipandisha, mkanda ukaingia katika mfereji wake.

"Kesho usiseme uongo," akasema akiwa ameinama hivyo. "Mwambie Fatha achore na hapa."

Ndipo nilipojua kwamba kesho nitaenda shule. Alitangulia. Handaki lilikuwa kati yetu na nyumbani, na hapakuwa na njia nyingine isipokuwa kushuka na kupanda. Nilishuka nyuma yake kwa mikono na magoti. Tulikuwa hatuna viatu wakati ule, na tulipofika ng'ambo udongo ulikuwa umejaa katikati ya vidole vyangu. Nilisimama na kushindwa kuupangusa.